Daftari la Mabao

Jumamosi, 15 Juni 2024. Kebirigo

Euro 2024: Hispania 3, Kroatia 0. Morata, Fabián Ruiz, Carvajal, yote kabla ya mapumziko. Mechi ilianza saa moja usiku, jua limeshazama na Sabato imetoka, kwa hiyo hata vijana wa Kisabato walijaa kibandani. Karibu wote walikuwa upande wa Hispania kwa ajili ya yule mtoto Yamal. Aliyeshika Kroatia alikuwa mmoja tu, Namba Tisa wangu wa Kidato cha Tatu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwalimu, mimi namfuata Kramarić. Mbio hana, lakini mpira ukianguka ndani ya boksi, yeye yuko pale."

Ana miaka 16 na tayari anaangalia mpira hivyo. Wenzake wanatazama chenga, yeye anatazama mtu asiye na mpira.

Nimesoma habari za Andrej Kramarić mpaka stima ikapotea. Mzaliwa wa Zagreb, 1991. Dinamo ndio waliomlea, na inaelezwa kuwa alifunga zaidi ya mabao 450 katika timu zao za watoto na za vijana. Alipofika timu ya wakubwa nafasi ikawa finyu. Wakamkopesha kwa Lokomotiva, majirani zao wa mji huohuo, na 2013 wakamwachia aende Rijeka, mji wa bandari. Huko ndiko alikolipuka. Oktoba 2014 aliwatia Feyenoord matatu katika mechi moja ya Ligi ya Europa, na Januari 2015 Leicester wakamnunua kwa takriban pauni milioni 9, bei ambayo klabu hiyo ilikuwa haijawahi kumlipia mtu. Mwaka mmoja baadaye Leicester walikuwa njiani kuutwaa ubingwa wa Uingereza naye anasugua benchi. Akaenda Hoffenheim, Ujerumani, kwa mkopo. Yuko hapo hadi leo, na hakuna aliyewahi kuifungia klabu hiyo mabao mengi kumshinda. Juni 2020 alifunga manne peke yake ugenini Dortmund. Alikuwemo kikosini Kroatia walipofika fainali ya Kombe la Dunia 2018 na walipomaliza wa tatu 2022.

Kinachoninyima usingizi ni yale 450 ya utotoni. Maana yake kuna mtu alikaa pembeni ya kiwanja cha watoto, msimu hadi msimu, akiandika. Mtoto wa miaka kumi amefunga Jumamosi asubuhi mbele ya wazazi wachache, na bao lake limeingia kitabuni. Sijui shule hata moja huku kwetu, kuanzia Borabu hadi Manga, inayoweza kuniambia mshambuliaji wake alifunga mangapi mwaka juzi.

Jumapili, 16 Juni. Kisii mjini

Nimeshuka mjini kutafuta mipira miwili na viatu vya mtumba. Kabla ya kupanda matatu ya kurudi nikampitia mzee wangu upande wa Daraja Mbili. Miaka ya 80 alikuwa hakosi mechi ya Shabana pale Gusii Stadium, na hata leo ukitaka mazungumzo marefu naye, taja Shabana.

"Bwakire, tata."

"Bwakire, mwalimu. Umeniletea watoto wa kucheza mpira au umeleta maswali?"

Nilileta maswali. Shabana ilizaliwa 1980, ikabeba jina la duka la vifaa vya ujenzi la hapa mjini, na haikuchukua muda ikawa timu ya kila nyumba ya Gusii. Ilishuka kutoka Ligi Kuu 2006, ikakaa chini miaka 17, na mwaka jana iliporudi, mzee anasema, alilia hadharani mbele ya wajukuu zake. Nikamuuliza ni washambuliaji gani aliowaona kwa macho yake. Akaanza na Henry Motego, mtu wa Shabana na Harambee Stars, akamsimulia mpaka akainuka kitini kuonyesha alivyokuwa akimwacha beki. Halafu akamtaja Mike Okoth. Okoth hakuwa Mgusii, ila jezi aliyoanza kung'ara nayo mwishoni mwa miaka ya 80 ni ya hapa. Baada yake Kenya Breweries, kisha Ulaya.

Nikauliza swali jepesi: Okoth aliifungia Shabana mabao mangapi? Mzee akataja idadi. Jirani yake, fundi cherehani aliyekuwa akisikiliza tu muda wote, akaikata nusu. Mzee akaapa. Fundi akaacha cherehani, akaanza kuhesabu kwa vidole, mechi baada ya mechi, akafika ya tano akasita. Wakabishana kwa Ekegusii cha haraka mpaka wateja wawili wakasimama kusikiliza. Kila mmoja alikuwa anasema kweli aliyoiona, na hapakuwa na karatasi ya kuwaamua.

Wazee hawa wana miaka sabini na kitu. Nikijiuliza tutamuuliza nani miaka kumi kutoka leo, napata hofu ya kweli.

Jumatatu, 17 Juni

Ubelgiji wamefungwa 1-0 na Slovakia, Lukaku amekataliwa mabao mawili. Nilitazama nikiwa na mawazo ya jana, kwa sababu Ubelgiji ndiko Okoth alikokwenda mwanzoni mwa miaka ya 90. Oostende, Harelbeke, halafu Genk. Huko Genk akawa bingwa wa nchi 1999, Mkenya aliyetokea Gusii Stadium.

Sasa naandika jambo ambalo nimeligundua usiku huu na nitamsimulia Namba Tisa kesho. Katika Genk hiyohiyo ya kocha Aimé Anthuenis, mshambuliaji mkuu alikuwa Mkroatia. Branko Strupar, mzaliwa wa Zagreb 1970. Alitoka Špansko, klabu ya mtaa mmoja wa Zagreb, si Dinamo wala Hajduk Split. 1994 akaja Genk, klabu changa iliyoundwa 1988 kwa kuunganisha Waterschei na Winterslag, timu mbili za mji wa wachimba makaa ya mawe, na wakati huo ilikuwa imeshuka daraja. Strupar akapanda nayo. Msimu wa 1997/98 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 22, na Kiatu cha Dhahabu cha mchezaji bora wa Ubelgiji wa 1998 kikawa chake. Pembeni yake alikuwa Souleymane Oularé wa Guinea. Okoth alikuwa anagombea nafasi katikati ya watu wa aina hiyo.

1999 Strupar akapata uraia wa Ubelgiji. Oktoba mwaka huo akawafunga Uingereza pale Sunderland, ingawa Ubelgiji walilala 2-1. Desemba akauzwa Derby County, na tarehe 3 Januari 2000, mechi na Watford, akafunga mapema kabisa, kisha akaongeza la pili. Baada ya hapo majeraha yakamwandama. Derby wakashuka 2002, mwaka ambao yeye alikuwa katika kikosi cha Ubelgiji cha Kombe la Dunia.

Washambuliaji wawili waliotoka sehemu ndogo, mmoja mtaa wa Zagreb, mwingine Kisii, wakavaa jezi ya klabu moja na kuishangilia bendera moja ya ubingwa. Nikitaka kujua Strupar aliwafunga Watford dakika ya ngapi, napata. Nikitaka mechi za Okoth akiwa Ubelgiji, Wabelgiji wamezitunza. Kurasa zisizo na kitu katika maisha ya Mike Okoth ni zile za hapa nyumbani, alipokuwa kijana, alipokuwa anajifunza kufunga. Ndizo ningetaka kuzisoma kuliko zote.

Mtoto wake, Divock Origi, alizaliwa Oostende 1995. Bao lake dhidi ya Urusi pale Maracanã 2014 na yale mawili dhidi ya Barcelona usiku wa tarehe 7 Mei 2019, dunia nzima inayajua. Alipofunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Madrid wiki chache baadaye, hapa Kebirigo kuna watu walitoka nje wakipiga kelele wakimwita "mtoto wa Shabana". Walikuwa na haki.

Jumatano, 19 Juni

Nimefunga mazoezi saa kumi na moja ili tuwahi kipindi cha pili, Kroatia na Albania. Leo Kramarić ametimiza miaka 33.

Albania waliongoza tangu dakika ya 11 kwa kichwa cha Laçi. Dakika ya 74 nilikuwa nimekaa nyuma ya Namba Tisa, nikawa namtazama yeye zaidi ya runinga. Kramarić alikuwa ndani ya boksi, mgongo nusu kwa goli. Budimir akamwekea. Mtu mwingine angepiga hapohapo. Yeye akauvuta kwanza, hatua moja, beki akajitupa kuzuia na kufungua miguu, mpira ukapita chini chini hadi kona ya mbali. Kabla kibanda hakijalipuka, Namba Tisa alikuwa ameshasema "sasa" kwa sauti ndogo, na mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya benchi.

Dakika mbili baadaye Gjasula akajifunga, Kroatia wakawa mbele. Dakika ya 95 Gjasula huyohuyo akasawazisha. 2-2. Sijawahi kuona mtu mmoja akipitia yote hayo katika muda mfupi namna ile.

Usiku huu nimepiga mistari kwenye daftari jipya la kurasa 200. Tarehe. Mpinzani. Kiwanja. Dakika. Mfungaji. Mguu gani au kichwa. Aligusa mara ngapi kabla ya kupiga. Nani alimpa. Shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Nimeacha upana mkubwa kwenye "alimpa nani" kwa sababu mabao mengi yanaanza kwa mtu ambaye hatajwi.

Ijumaa, 21 Juni

Leo nimeonana na mama yake Namba Tisa kwenye kituo cha majani chai. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wamebeba vikapu tangu asubuhi, karani na mzani wake wa kidijitali. Nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, nikaingia kwenye jambo langu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa kirefu kwa nini mabao ya mwanawe yaandikwe. Sikufika mbali.

Zamu yake ikafika. Kikapu kikatundikwa, namba zikatulia, karani akatoa risiti. Mama akaisoma mwenyewe, kilo na tarehe, akaikunja mara mbili, akaitia kifundoni mwa leso. Ndipo akaniambia: "Mwalimu, hizi zote ziko ndani ya mkebe nyumbani, za miaka yote. Mwezi wa kumi bonasi ikija, wakiniambia nilileta kilo kadhaa, mimi nina zangu. Wewe unataka bao liwe na risiti."

Ndicho ninachotaka, na sikuwa nimepata maneno mazuri hivyo. Majani ya chai ya Nyamira yanaandikwa kilo kwa kilo, jina kwa jina, na mkulima anajua kwamba kisichoandikwa hakilipwi. Mguu wa mtoto wake unazalisha pia.

Akaongeza sharti, kwa upole lakini bila kuniachia mwanya: Sabato haichezwi. Nimelikubali. Mechi za shule ziko katikati ya wiki, kwa hiyo kwa sasa hakuna tatizo. Siku klabu itakapokuja ndipo tatizo litakapokuja, kwani ligi zetu nyingi zinapenda Jumamosi. Nawajua vijana wengi wazuri wa Gusii walioishia hapo, kati ya imani ya nyumbani na ratiba, wala sina jibu jepesi la kumpa mama huyu. Nitakachofanya ni kumweleza kocha yeyote atakayefika, siku ya kwanza, kabla mtoto hajajaza fomu.

Jumatatu, 24 Juni

Saa nne usiku. Kroatia na Italia. Modrić amekosa penalti, Donnarumma kaidaka, na hata dakika haijaisha vizuri amefunga. Miaka 38! Kisha dakika ya 98 Zaccagni anasawazisha kwa Italia. 1-1. Kroatia wana pointi mbili na safari yao ni kama imekwisha.

Nchi ya watu milioni 3.9 hivi. Kisii na Nyamira kwa sensa ya 2019 ni kama milioni 1.87, karibu nusu ya Kroatia nzima. Davor Šuker alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1998 kwa mabao sita, nchi yake ikiwa na miaka michache tu tangu ijitenge na Yugoslavia na kutoka vitani. Kwa hiyo sikubali tena nikiambiwa kwamba sisi ni wachache mno, au kwamba tumepitia magumu. Tunao watoto. Vilima vya Manga na Keroka vinawapa mapafu ambayo watu wa tambarare wanayatafuta kwa pesa. Wanachokosa ni ngazi: timu ya miaka 11, ya 13, ya 15, kocha yuleyule kwa miaka kadhaa, na mtu wa kuandika. Zdravko Logarušić, Mkroatia, amefundisha Gor Mahia na AFC Leopards. Tunaleta kocha kutoka nchi hiyo kufundisha watu wazima. Kazi iliyowapa Kroatia akina Kramarić hufanywa kwa watoto wa miaka minane.

Jumanne, 25 Juni

Maandamano nchi nzima, na Kisii pia. Nimewaruhusu vijana mapema. Hakuna mazoezi. Habari kutoka Nairobi ni mbaya, siwezi kuandika juu ya mpira leo.

Jumapili, 30 Juni

Nimetulia leo na kusoma kanuni za uhamisho za FIFA, ile sehemu ya mchango wa mshikamano. Naiandika kwa lugha ya mama yake Namba Tisa ili nimsomee.

Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inatengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 ni asilimia 0.25. Kila mwaka kati ya 16 na 23 ni asilimia 0.5. Akiuzwa kwa euro milioni moja, klabu ya kijijini iliyomlea mwaka mmoja akiwa na miaka 17 inastahili euro 5,000, zaidi ya shilingi laki sita za Kenya. Hiyo ni nyavu, mipira, viatu na nauli ya mechi za misimu kadhaa. Kila akiuzwa tena, inalipwa tena. Kwa hesabu hiyo, pauni milioni 9 za Kramarić kwenda Leicester zinatoa 450,000 za kugawia waliomlea.

Mfumo huo ulianza 2001, wakati Okoth alikuwa Ulaya kwa miaka mingi tayari, kwa hiyo Shabana haikuwa na la kudai. Leo tunalo la kudai, kwa sharti moja: mtoto awe amesajiliwa na klabu iliyo chini ya shirikisho, mwaka kwa mwaka, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kugawa malipo haya, nayo inafuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya kila klabu aliyosajiliwa tangu miaka 12. Pasipoti ikiwa na miaka mitupu, hela za miaka hiyo haziji kijijini.

Nina uchungu na hili. Miaka michache iliyopita kijana wetu mmoja, winga wa kushoto, alichukuliwa na klabu fulani ya daraja la chini. Walikuja na gari, wakamsifu, wakamvisha jezi, naye akacheza kwao bila fomu hata moja yenye jina lake. Baadaye akapita mikononi mwa watu wengine hadi Ghuba. Malezi yake yote ya huku, tangu akiwa na miaka 13 hadi 18, hayapo popote. Nilimfundisha kupiga krosi kwa mguu ule, naujua ulivyo.

Halafu kuna jambo ambalo shule nyingi hazilielewi: shule si klabu. Sisi tunalea, ila malipo huenda kwa aliyesajili. Dawa ni kuisajili ile timu yetu ya kijiji inayocheza likizo, tuwaweke watoto humo rasmi tangu miaka 12, na shule na timu zishirikiane daftari moja.

Jumapili, 7 Julai

Mtu wa klabu moja ya Kisii amekuja. Amemwona Namba Tisa kwenye mechi ya kirafiki na anamtaka likizo ya Agosti. Ni mtu wa heshima, alianza kwa kwenda kumsalimu mama nyumbani, akapewa chai na ndizi za kuchemsha, akakaa.

Nikamwekea mezani mambo mawili. La kwanza, Jumamosi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mechi za vijana wao zinaweza kupangwa Jumapili, ila timu ya wakubwa hawezi kuahidi. Mama akamshukuru kwa kutosema uongo. La pili, fomu. Asajiliwe kabla ya kugusa mpira wao, nakala moja ibaki kwa mama na moja kwangu, na jina la timu ya kijiji liingie kwenye historia yake. Akauliza kwa nini nasumbuka hivyo kwa mtoto ambaye hajulikani hata Nyamira mjini. Nikafungua daftari. Lilikuwa bado na kurasa chache zilizoandikwa, lakini akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikipita kwenye safu ya "aligusa mara ngapi". Akasimama kwenye bao moja. "Hapa hakugusa kabla ya kupiga?" Hakugusa, nikamwambia, na walioshuhudia wameandikwa. Akaomba kupiga picha ukurasa ule. Mama akamwambia apige, lakini daftari halitoki nyumbani kwa mwalimu.

Namba Tisa alikuwa mlangoni muda wote, hajaitwa. Alipoitwa aliulizwa swali moja tu, kama anataka. Akasema anataka, ila amalize Kidato cha Nne hapahapa.

Alhamisi, 11 Julai

Kaunti ndogo, nusu fainali, kiwanja chenye mteremko unaoua upande mmoja. Tumeshinda 3-1.

Waandishi wangu wawili, msichana wa Kidato cha Pili na kaka mmoja aliyevunjika mkono, walikaa kila mmoja upande wake ili wasinakiliane. Bao la kwanza, dakika ya 19, kona. Namba Tisa alijificha nyuma ya beki wao mrefu, mpira ulipoinuka akapita mbele yake hadi mlingoti wa karibu, kichwa. Wote wawili wameandika hivyohivyo. Bao la pili, dakika ya 52, hapo wametofautiana: msichana ameandika pasi ni ya namba sita, kaka ameandika ni ya namba nane. Nimewaita na wachezaji wenyewe. Namba nane akasema, "Mimi niliugusa kwa bega tu, alinipa yeye." Imeandikwa namba sita. Sikumlazimisha kusema, na ningependa mama yake ajue alivyolea.

La tatu ni la namba kumi na moja, sina la kuongeza, mlinda lango wao aliteleza.

Jumapili, 14 Julai. Kisii mjini

Nimerudi kwa mzee wa Daraja Mbili na daftari la pili. Hili ni la Shabana, la mwishoni mwa miaka ya 80, lina safu zilezile, isipokuwa nimeondoa dakika na kuweka "nusu ya kwanza au ya pili", kwa sababu kumbukumbu ya mtu haiwezi kutoa zaidi ya hapo bila kuanza kubuni.

Tumekubaliana sheria na fundi cherehani akiwa shahidi. Bao la Okoth au la Motego haliingii mpaka watu wawili waliokuwepo walisimulie kila mmoja peke yake na yafanane: upande gani wa uwanja, mguu gani, dhidi ya nani. Likiwa na shahidi mmoja linaandikwa kwa penseli. Mzee alinuna kidogo, kwani kwa sheria hiyo mengi ya kwake yatakaa kwenye penseli kwa muda. Halafu akafikiri, akasema sheria ni nzuri, na kwamba magazeti ya wakati ule lazima yapo mahali, kwa hiyo mwezi ujao tutume mtu kwenye hifadhi ya taifa Nairobi akatafute kurasa za michezo.

Leo tumepata mawili ya wino. Yote ya Okoth, yote upande wa goli la kuelekea mjini. Fundi amesimulia la pili nikiwa nimemtoa mzee nje, na maelezo yao yamefanana hadi kwenye beki aliyeachwa chini na soksi zake zilivyoshuka. Niliporudi kumwambia mzee, alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka.

Wiki ijayo atakuja na mtu wa tatu, mlinda lango wa zamani wa timu pinzani ambaye sasa ana duka Suneka. Mzee anasema huyo ndiye shahidi bora, maana aliyefungwa hasahau. Nimemwomba asimwambie mapema ni mabao gani tunayoyatafuta.